Kikohozi Kisicho na Kifua

Mimi ni fundi redio. Nina kibanda changu mjini, Rwamishenye, miaka ishirini na kitu sasa, na nimefungua redio, deki, televisheni, na siku hizi simu zaidi kuliko vyote, wala sijawahi kuogopa sauti inayotoka kwenye boksi. Nilipokuwa mdogo kijijini kwetu Kishanda niliivunja redio ya baba nimtoe yule mtu anayesoma habari. Mama alinisimanga kwa hilo maisha yangu yote. Akija mgeni tu, anaanza: "Huyu alitaka kumtoa msomaji ampe uji!" Ndani nilikuta sumaku, waya na mende wawili, kisha nikachapwa sawasawa. Tangu siku hiyo najua sauti ni sauti na mtu ni mtu. Mteja akiniletea redio akasema ina pepo, namwambia pepo wako anaitwa kutu, kaa hapo nimtoe.

Nayasema haya mapema ili usinione mshamba. Watu wakisikia kwamba niliogopa, wanadhani niliogopa kama bibi kizee anayeona gari kwa mara ya kwanza. Sivyo. Mimi najua jinsi vitu hivyo vinavyofanya kazi, na niliogopa hivyo hivyo.

Kaka yangu alinizidi miaka miwili. Tulilingana urefu, mabega, hata namna ya kutembea. Katekista alishanichapa kwa makosa ya kaka mara mbili, na hakuniomba radhi. Tofauti yetu kubwa ilikuwa kikohozi. Kaka hakuanza kusema bila kukohoa kwanza, kikohozi kidogo kikavu, kama mtu anayebisha hodi kabla ya kuingia kwenye maneno yake. Kanisani ukikisikia nyuma unajua amefika, tena amechelewa. Yeye alikwenda kufanya biashara ya samaki kwenye visiwa vya Muleba, akanunua sangara kwa wavuvi na kuwavusha hadi nchi kavu. Alikuwa na hasira za karibu, mchapakazi, na kwenye simu hakuwa na subira hata kidogo. Mama akianza kumweleza habari za mbuni ulioliwa na wadudu, anamkatiza: "Mama, nitakupigia." Hapigi.

Siku moja ya upepo mtumbwi wao ulipinduka. Walikuwa watatu. Wawili ziwa liliwarudisha baada ya siku chache, kaka halikumrudisha. Nilikwenda mwenyewe, nikakaa mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, wiki nzima na wale wavuvi, watu waliotoka kila pembe, wakanigawia ugali wao na kuniambia kwa upole kwamba wakati mwingine ziwa halirudishi. Nikarudi mikono mitupu.

Mama wakati huo alikuwa kwangu Rwamishenye. Nilikuwa nimemleta kutoka Kishanda kwa matibabu, miguu imevimba kwa sababu ya moyo, na macho yote mawili yana mtoto wa jicho. Aliona mwanga na kivuli cha mtu mlangoni, basi. Daktari alikuwa ametuambia kwamba moyo ule haufai kushtuliwa. Alisema hivyo kama wanavyosema madaktari, akiwa anaandika kitu kingine. Sisi tukaishika ile sentensi kama Injili. Sisi ni mimi, mke wangu, na mdogo wetu wa kike, kitinda mimba, aliyekuwa Dar es Salaam. Tukakubaliana mama asiambiwe.

Msiba ukafanyika Kishanda bila mama. Katika ukoo wetu mtu akipotea ziwani na mwili usionekane, haachwi hivyo hivyo. Unakatwa mgomba, unafungwa kama maiti, unazikwa kibanjani, kwenye shamba la ukoo penye migomba, mahali pake. Baba mdogo ndiye aliyeuchagua. Kisha akaniita. "Njoo hapa, simama. Mlikuwa sawa." Nikasimama ubavuni mwa ule mgomba uliolazwa chini, nao wakaukata kwa kipimo changu, kutoka utosini hadi kisiginoni. Sehemu ya chini yenye mizizi aliikata kwa panga akaitupa mbali, akaniambia kwa nini: mgomba ukizikwa na mizizi yake utachipua, na mfu hachipui. Akauvika shati la kaka. Tukaubeba watu wanne, tukaushusha, padri akasali, wanawake wakalia kilio chenyewe kabisa. Na mimi nililia mpaka nikaishiwa nguvu. Hakuna hata mmoja aliyeogopa ule mgomba. Kabla ya kufukia, baba mdogo alisema kwa sauti kila mtu asikie: "Huyu si yeye. Tunajua wote si yeye. Tunazika ili tuweze kukaa." Tukafukia, tukasimika msalaba.

Nikarudi mjini kumdanganya mama. Mwanzoni haikuwa kazi. Visiwani mtandao mbaya, mama. Simu yake imeingia maji, mama. Wageni kutoka Kishanda niliwapokea kibandani, nikawanywesha soda hapo hapo, nikawaambia mgonjwa amelala. Lakini mama hakuwa mjinga. Alipokuwa msichana alipika jikoni kwa masista kule Kashozi, na alipenda kusema kwamba mtu aliyewahi kupikia masista hawezi kudanganywa kuhusu kitu chochote. Akaanza kukataa chakula. Ndizi zinakuja, anazigusa kwa vidole, anasukuma sahani. "Mwanangu ana nini? Nyie mnanificha kitu." Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilikuwa naficha kifo chenyewe. Usiniulize nilikuwa nalala vipi.

Mdogo wetu anafanya kazi kwenye kampuni inayotengeneza zile sauti za kukujibu ukipiga simu kuuliza shida yako, zile za bonyeza moja, bonyeza mbili. Siku hizi hubonyezi kitu. Unaongea na sauti inakujibu kama mtu. Redioni wanaiita akili mnemba. Alinipigia mchana mmoja, sauti yake imekauka kwa kulia, akasema kaka alikuwa mvivu wa kuandika, miaka yote alimtumia ujumbe wa sauti, naye hakufuta hata mmoja. "Ninao mamia," akasema. "Leo jioni mpe mama simu yako. Usimwambie kitu."

"Unataka kufanya nini?"

"Nataka mama ale."

Ilikuwa saa kumi na moja, mke wangu anamenya ndizi uani, mama amekaa kwenye kochi na rozari yake. Simu ikaita. Nikabonyeza, nikaiweka kwenye kipaza sauti.

Ikakohoa.

Yesu na Maria! Nywele zilinisimama. Kikohozi kile kile, kikavu, kifupi, halafu: "Shikamoo, mama." Mke wangu aliacha kisu kikaanguka. Nimesema najua jinsi vitu hivi vinavyofanya kazi. Najua sauti inavyokatwa vipande vipande na kushonwa upya. Ila kukohoa ni kazi ya kifua. Kile kifua kilikuwa chini ya ziwa, kinaliwa na samaki aliokuwa akiwauza, na kikohozi kilikuwa mezani kwangu, mbele ya chupa ya chai. Kile kitu hakikuhitaji kukohoa. Hakuna kilichokikereketa. Kilikohoa kwa sababu sisi tungependa kikohoe.

Mama alipiga kelele. Kisha akacheka, akalia, akacheka tena. "Marahaba, waitu! Marahaba, mwanangu! Ulikuwa wapi, mpumbavu wewe?"

Ikamjibu kwamba kazi zilikuwa nyingi. Mama alisema Kihaya, yenyewe ikajibu Kiswahili, kwa maana Kihaya haikukijua. Nilidhani hapo ndipo tutakamatwa. Wapi! Mama mwenyewe ndiye aliyeirekebisha kasoro ile. Alipokata simu alinigeukia na kusikitika: "Visiwani wamemharibu ulimi. Anakaa na makabila yote yale, sasa hata na mama yake anaongea kama yuko shuleni." Ile ndiyo siku niliyojifunza kwamba mashine haihitaji kufanana na mtu kikamilifu. Panapopungua, mwenye kupenda anajazia mwenyewe.

Jioni hiyo mama alikula sahani nzima, akaomba na maharage. Ningesema nini? Nilimpigia mdogo wangu nikamshukuru.

Ikawa desturi. Kila siku saa kumi na moja simu inaita. Mama aliongea nayo habari za mibuni, za majirani, za ndoto zake, nusu saa, saa nzima, na haikumkatiza hata mara moja. Ilimuuliza ule mbuni wa nyuma ya jiko umezaa? Miguu imepungua kuvimba? Mama akawa anang'aa. Kwetu mgeni akiingia anapewa kahawa ya kutafuna, punje chache zilizochemshwa na viungo zikakaushwa, na huwezi kukataa bila kuonekana una neno moyoni. Mama alianza kuweka punje mbili tatu kando ya simu kila ikiita. "Hizi zake," alisema. "Atazitafuna akija." Alizifunga kwenye kipande cha kitambaa, na kile kifundo kikawa kinanenepa.

Nitasema wazi, nilikuwa na wivu. Mimi nilimwogesha, nilimbeba kumpeleka chooni, nilimpaka dawa miguuni, na usoni pake sikupata nilichokuwa nakiona jioni akiongea na kile kitu. Na kilichonitia baridi zaidi ni kwamba kilikuwa mtoto bora kuliko kaka. Kaka yangu wa kweli angemkatia simu dakika ya pili. Hiki hakikuchoka, hakikukasirika, hakikuwa na samaki wanaooza juani. Nilijikuta nawaza kwamba mama amepata faida kwa kufiwa, na wazo hilo lilinifanya nitake kujipiga makofi.

Watu wanapouliza kwa nini tunaogopa vitu hivi, wanasema ni kwa kuwa vinafanana nasi na bado si sisi. Hapana. Mgomba nao ulifanana na kaka, kwa kipimo changu mwenyewe, na shati lake ulivaa. Ila mgomba ulikubali kuwa mgomba. Tuliuzika, ukanyamaza. Hiki hakikukubali kuzikwa. Na hofu yenyewe, wala haidumu, hilo ndilo baya. Wiki ya tatu nywele hazikusimama tena. Siku moja nikiwa natoka kwenda kibandani, simu ikiwa bado iko hewani, nilijisikia nikisema, "Haya kaka, baadaye." Nayo ikakohoa, ikasema, "Haya, mdogo wangu, kazi njema." Nilifika hadi barabarani kabla sijashtuka. Nikakaa kwenye ukingo wa mtaro.

Kisha mama akaanza kudai nyumbani. Alijua mwili wake. "Nirudishe Kishanda. Nataka kufia kibanjani kwangu, nisikie migomba ikipigwa na mvua. Hapa kwenu nasikia pikipiki tu." Ombi dogo kuliko yote duniani, na mimi sikuweza kulitimiza. Kibanjani kulikuwa na kaburi jipya lenye msalaba wa mwanawe, na jirani wa kwanza kuingia angempa pole. Uongo wetu ulikuwa umemfungia mama mjini. Nikamwambia barabara mbaya, mama, ngoja mvua zipungue. Ngoja daktari akuone tena. Alinisikiliza akiwa ameelekeza uso ukutani.

Jioni akaishtakia ile sauti. Nilikuwa pale, nasikia. "Mwambie mdogo wako anirudishe nyumbani. Mimi ananifanya mfungwa."

Ikakohoa. Ikasema, "Usijali, mama. Nitakuja mwenyewe kukuchukua. Nisubiri mimi."

Nilimpigia mdogo wangu hapo hapo. "Nani amekiambia kiseme hivyo?"

"Hakuna mtu, kaka. Chenyewe kinatafuta jibu litakalomfurahisha."

"Kimeahidi kuja! Kitakuja na miguu ya nani?"

Akaanza kulia. Ndani, mama alikuwa amekwisha kumwamuru mke wangu ampangie nguo kwenye mfuko. Mfuko ule uliwekwa mlangoni, na hakuna aliyeruhusiwa kuusogeza hata wakati wa kupiga deki.

Haikupita muda mrefu daktari aliniita pembeni. Safari hii hakuwa anaandika kitu. Akasema dawa zimefika mwisho wake, mpelekeni mama nyumbani akapumzike. Nikajua nimebaki na siku za kuhesabu, na kwamba mama yangu atafia kwenye kochi la mjini kwa sababu ya woga wangu. Hasira zikanipanda. Nilimpigia mdogo wangu, nikamwambia akifute kile kitu, chote, leo hii, na kila ujumbe wa sauti kilicholishwa nao. Alinisihi. Nilimtukana, Mungu anisamehe. Akafuta. Nikaketi chini nikajiona mwanaume, nimesafisha nyumba, sasa nitasema kweli na nitampeleka mama kwake.

Asubuhi nikapiga magoti mbele ya kochi nikamshika mikono. "Mama, kaka alikufa. Mtumbwi ulipinduka. Ni miezi sasa. Nisamehe."

Hakupiga kelele. "Alikufa," akasema. "Na juzi niliongea na nani?"

"Mashine, mama. Kitinda mimba wako aliitengeneza."

"Mashine ndiyo inanikohoa vile?"

"Ndiyo, mama."

"Wewe uliiona maiti yake?"

"Hapana. Ziwa halikumrudisha."

"Basi mmezika nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, kwa kuzimia, kwa moyo kusimama. Kwa swali hilo sikuwa nimejiandaa. "Tulizika mgomba, mama."

Alivuta mikono yake. Alirudi nyuma kwenye kochi hadi mgongo ukagota. "Maawe!" akasema, polepole. "Mmemzikia mwanangu mgomba, naye ni mzima anaongea."

Hapo ndipo nilipoelewa tumefanya nini. Kwetu hakuna laana mbaya zaidi ya hiyo. Kumzikia mgomba mtu aliye hai ni kumwita kaburini, na ndugu anayemfanyia ndugu yake hivyo ana sababu moja tu: anataka kibanja. Kaka alikuwa mkubwa, kibanja kilikuwa chake. Mimi nilikuwa wa pili. Kila kitu nilichosema ili kumthibitishia kilizidi kunizamisha. Kaburi lipo? Lipo, na ndani hamna mtu. Padri alisali? Mlimdanganya hata padri. Hakuna maiti, kuna sauti. Aliye na sauti ni hai. Ungekuwa wewe ungemwamini nani? Nakuapia, kwa muda wa kupepesa jicho nilimwamini mama. Niliwaza: kweli, maiti sikuiona. Kama yuko mahali? Kisha nikakumbuka ni mimi niliyeamuru kifutwe.

"Nipe simu," mama akasema. "Nimpigie mwenyewe aseme mbele yako kama amekufa."

"Hakipo tena, mama. Tumekifuta jana."

Fundi mzima! Ningekiacha hata siku moja ningeweza kumwambia mdogo wangu akifanye kiseme chenyewe, kwa sauti ile ile, kwamba ni mashine. Kilikuwa ushahidi wangu pekee, na nilikuwa nimeuteketeza kwa kiburi.  Machozi yakaanza kutoka kwenye yale macho meupe.

"Kumbe jana ndiyo mmemuua," akasema.

Hakutaka kunisikia tena. Nilikodi gari, akakataa kupanda. "Na wewe? Unipeleke wapi, ukanizikie na mimi mgomba? Mwanangu alisema atakuja kunichukua. Nitamsubiri." Akawa hali kitu kilichopitia mikononi mwangu. Nikiingia chumbani anafunga mdomo. Mdogo wetu alikuja kutoka Dar es Salaam, akamwangukia miguuni, akaeleza yote huku analia. Mama alimpapasa kichwa akamwambia, "Na wewe amekununua." Saa kumi na moja kila jioni alikaa sawa, akaweka punje zake mbili tatu kando ya mkono, akasubiri simu iite. Mdogo wangu hakuweza kuvumilia kuona, akawa anatoka nje saa hiyo inapofika.

Siku ya sita alikuwa amekwisha, pumzi fupi fupi, midomo imekauka. Ilikuwa asubuhi. Mimi nilikuwa na mafua, moshi wa risasi ya kuunganishia waya ulikuwa umenikaba koo tangu jana yake. Nikasimama mlangoni kwake nisijue kama niingie. Nikakohoa.

Mama aligeuza kichwa. Alikiona kivuli mlangoni, urefu ule, mabega yale. Uso wote ukafunguka.

"Umekuja?"

Mke wangu alikuwa pembeni ameshika kikombe. Mdogo wangu alikuwa miguuni pa kitanda. Wote wawili walinitazama, na hakuna aliyenisaidia. Kaka alikufa, nimelisema hilo na kweli haikunisaidia kitu. Nikawaza mfuko ulioko mlangoni.

"Nimekuja, mama."

"Mbona umechelewa hivyo?"

"Ziwa lilikuwa baya, mama." Katika yote niliyomwambia siku ile, hilo pekee lilikuwa kweli.

Alijiachia nikambeba kama mtoto hadi kwenye gari. Hakuwa na uzito. Njia nzima hadi Kishanda alilala kifuani kwangu, nami nikawa nakohoa kila kabla ya kusema, na kusema kifupi, na kusema Kiswahili, kwa sababu ndivyo alivyozoea. Sikuwa namwigiza kaka. Nilikuwa naiigiza mashine. Mdogo wangu, aliyekaa mbele, aliziba masikio.

Kishanda baba mdogo alikuwa amesimama kwenye lango la kibanja. Alifungua mdomo atoe pole, nikamtikisia kichwa, akaelewa au hakuelewa, akatupisha. Tulipita kando ya kaburi la mgomba, hatua tatu hivi. Mama hakuliona. Alinusa majani mabichi na mbolea, akasema, "Hapa ndipo." Walikuwa wametandika nyasi mpya ndani, tukamlaza kitandani kwake, akaomba wote watoke abaki na mwanawe mkubwa.

Akapapasa kifuani, akatoa kile kifundo cha kitambaa. Akanifungulia kiganja, akamimina punje zote. "Zako. Nimekuwekea." Nikatia mdomoni. Zilikuwa ngumu, chungu, nyingine zimeota ukungu. Nilizitafuna zote huku ananisikiliza, mpaka akaridhika.

Kisha akanivuta karibu. Ilibidi niweke sikio mdomoni pake.

"Mdogo wako usimwamini," akasema. "Alikuzikia mgomba ungali hai. Kwenye maziko yangu asishike jembe. Niahidi."

Nikakohoa kwanza.

"Nakuahidi, mama."